Nilikuwa katibu chama kilipogawanyika

Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa tawi la chama cha siasa. Jina lake naliacha, kwa sababu yaliyotupata sisi yanaweza kukipata chama chochote. Kama uko ndani ya chama na umeanza kusikia wanachama wakiitana "sisi" na "wale", nakuandikia wewe.

Ugomvi wetu ulianza na swali la halali kabisa: tuungane na chama kingine kwenye uchaguzi, au tusimame peke yetu? Kambi moja ilisema kuungana ni kuuza misingi. Ya pili ikajibu kwamba misingi isiyoshika madaraka haimsaidii mwananchi. Mimi nilikuwa kambi ya kwanza, na hadi leo naamini hoja zetu zilikuwa na uzito. Nilipokosea ni kwenye kalamu.

Katibu ndiye anayeandika muhtasari. Hoja za upande wangu niliziandika kwa kirefu, moja baada ya nyingine, pamoja na majina ya waliozitoa. Za upande wa pili nikazifunga kwa mstari mmoja: "Baadhi ya wajumbe hawakuafiki." Kikao kilichofuata, muhtasari uliposomwa ili uthibitishwe, alisimama mama mmoja mtu mzima, mwanachama tangu mimi sijajua hata kadi ya chama ina rangi gani. Akasema, "Katibu, mimi nilizungumza dakika kumi. Nimeutafuta mchango wangu humu, sijauona." Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda, tukaendelea.

Kikao cha tatu hakuja, wala wenzake wanane. Kura tukashinda bila jasho. Baada ya hapo mabishano hayakufanyika tena ukumbini. Yalihamia kwenye simu na vibarazani, ambako hakuna mwenyekiti wala wa kumjibu aliyesema uongo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, na kama utachukua mmoja tu, chukua huu. Hoja ya unayempinga iandikwe hivi kwamba mwenyewe akiisoma aseme, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Kabla ya kura, mjumbe wa kambi moja apewe kazi ya kuieleza hoja ya kambi nyingine, na wenye hoja wamsahihishe. Sisi tulilijaribu hili tukiwa tumeshachelewa, na wachache waliobaki. Hata hivyo wajumbe wawili waliokuwa hawasalimiani waligundua kwamba mmoja alikuwa akizungumzia uchaguzi ule mmoja tu, mwenzake akizungumzia chama kiwe cha namna gani miaka ishirini ijayo. Miezi yote ile walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti.

Ndiyo maana huwa naurudia mkutano wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, uliofanyika Tabora Januari 1958. Wakoloni walikuwa wameweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliuona mpango huo kuwa tusi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuupenda. Lakini swali lililoamuliwa lilikuwa moja, tena la kujibika: tuingie au tususie? Wakaamua kuingia, uamuzi ukaitwa Uamuzi wa Busara, na TANU ikashinda uchaguzi huo. Zuberi Mtemvu hakukubali. Aliondoka akaanzisha African National Congress ya Tanganyika (si ile ya Afrika Kusini), na msimamo wake ukapimwa na wapiga kura wakati kila mtu akijua anapinga nini. Kuondoka kwa namna hiyo nakuheshimu. Anayekaa ndani akichimba chini kwa chini huumiza chama zaidi.

Lakini usitoke mapema. Wanasoshalisti wa Urusi walipokutana mwaka 1903, Brussels kwanza na kisha London, walibishania sentensi moja ya katiba: mwanachama ni nani? Lenin alitaka awe anashiriki mwenyewe katika mojawapo ya vyombo vya chama. Martov aliridhika na mtu anayeshirikiana na chama mara kwa mara chini ya maelekezo yake. Martov akashinda, kura 28 kwa 22. Kisha wajumbe saba waliokuwa wamemuunga mkono, watano wa Bund, yaani umoja wa wafanyakazi wa Kiyahudi, na wengine wawili, wakaondoka kwa sababu zao nyingine. Aliyeshindwa akajikuta na wengi, na kundi lake likaitwa Wabolsheviki, yaani "wa walio wengi". Kila nikisoma habari hiyo nawakumbuka wale tisa wetu. Kususia kikao kunaonekana ni ujasiri, lakini siku ya kura kiti kitupu hakihesabiwi.

Utajuaje kama mnagombania itikadi au vyeo? Muulize mtu, na anza na nafsi yako: ukipewa leo nafasi unayoitaka, utaendelea kulibishania jambo hili? Wapo waliojibu kwa kunyamaza, na mimi nilichukua muda kabla ya kujibu.

Na maneno yachungeni. Mtu akishaitwa msaliti au mamluki, tena mbele ya wanawe kama ilivyotokea kwetu, hoja imekwisha. Hata mkimshawishi kwamba mko sahihi, hawezi kurudi.

Wapiga kura nao hawangoji mmalize. Mwaka 1981 chama cha Labour cha Uingereza kilipasuka, kundi moja likaunda chama kipya, SDP (Social Democratic Party). Mwaka 1983 Labour ikapata asilimia 27.6 ya kura, na SDP pamoja na washirika wao Waliberali asilimia 25.4. Wahafidhina, wapinzani wao wakuu, walipungukiwa na kura kulinganisha na 1979, kutoka asilimia 43.9 hadi 42.4, lakini viti vyao vikapanda kutoka 339 hadi 397.

Miaka miwili baada ya kuacha ukatibu nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Umekuja na kalamu, mwanangu?" Nikasema ninayo. Akanirudia zile dakika kumi, pole pole, nami nikaandika kurasa mbili. Hakuwa amesema tuungane nao kila mahali. Alipendekeza tushirikiane kwenye maeneo ambayo sisi hatukuwa na mgombea, na kwingine kote tusimame wenyewe.