Vijumba vya magogo ufukweni Mwanza: kibali, mita 60, mchwa na radi

Mkuu, nirudie ulichouliza ili na wengine wafuatilie. Una kiwanja Kayenze, Ilemela, kinachoteremka hadi majini. Unataka vijumba vitatu vya magogo vya kulaza wageni, kila kimoja mita 4.8 kwa 6. Aliyekuuzia wazo anasema nyumba ya mbao inahamishika, kwa hiyo haihitaji kibali. Na umeona video ya Uingereza inayosema jengo la bustani lisilozidi mita za mraba 30 halisumbuliwi na mtu.

Nianze na video, maana inawapoteza wengi. Kanuni ile ni ya England, na hata kule haisemi hivyo. Jengo lililojitenga lenye sakafu isiyozidi mita za mraba 15 halikaguliwi kwa kanuni za ujenzi endapo hakuna anayelala ndani. Kati ya 15 na 30 msamaha upo, lakini bado pasiwe na wa kulala, na jengo likae angalau mita 1 kutoka mpakani au liwe limejengwa kwa vitu visivyoshika moto. Kijumba chako kina mita za mraba 28.8 na kitanda ndani, kwa hiyo hata huko kisingepita. Suala la kuhamishika nalo limetoka kwenye sheria yao ya karavani, yenye vipimo vyake: urefu usizidi mita 20, upana 6.8, kimo cha ndani 3.05. Huku kwetu sheria hiyo haipo.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaangalia uendelezaji wa ardhi: umejenga kitu, au umebadilisha matumizi ya kiwanja. Haiulizi kama ukuta ni tofali, mbao au bati. Kwa hiyo kibali cha ujenzi unaomba Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela kama mwenye nyumba ya tofali anavyoomba, na maombi siku hizi yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa. Wa Nyamagana wanaomba Jiji. Ukiwa upande wa Sengerema, Buchosa au Ukerewe kwenye ardhi ya kijiji, anza na halmashauri ya kijiji na hati ya kimila, ndipo uende wilayani. Kibali cha mdomo cha mwenyekiti wa mtaa hakizuii alama ya X nyekundu ya kubomolewa.

Sasa kinachoua miradi mingi ya ufukweni, na hapa mbao haihusiki hata kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda ukanda huohuo. Watu wanapima mita 60 kwa hatua, kiangazi, maji yakiwa yamerudi, kisha wanashangaa. Ziwa Victoria linapanda na kushuka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita 1, na mwaka 2024 likarudi juu tena. Kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, ziwa likipanda mita 1.2 maji yanakufuata mita 24 ndani ya kiwanja. Tafuta alama ya maji ya 2020 kwenye mawe na miti, waulize wavuvi wa hapo, kisha mwite mpima aanzie hapo na aweke vigingi. Ukiona baada ya kupima hubaki na nafasi ya vijumba vitatu, jenga viwili. Usitafute mtu wa kukupimia "vizuri".

Kwa kuwa ni ya kulaza wageni, kuna milango mingine. Kama hati inasema makazi, anza na kubadilisha matumizi ya ardhi. Sajili mradi NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) mapema, ofisi yao ya kanda iko hapa Mwanza. Wao ndio wanaosema mradi wako uko kundi gani na unahitaji tathmini ya kina kiasi gani. Michoro ipite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Ukiweka mkandarasi awe na usajili wa CRB (bodi ya makandarasi) na kibao cha mradi kisimame getini. Hayo yanafahamika, siyarefushi.

Kinachokwamisha mchoro wa nyumba ya mbao mezani kwa mhandisi ni ukimya wa mchoro wenyewe. Amezoea tofali la inchi 6 na jamvi la zege. Ukimpelekea picha nzuri ya intaneti yenye magogo, hana cha kukagua. Mchoro useme aina ya mti, ukubwa halisi wa kila mbao, nafasi kati ya boriti, dawa iliyotumika, mshikamano wa ukuta na msingi, wa kenchi na ukuta, na umbali kati ya jengo na jengo. Weka ukurasa mmoja wa viungo kwa kipimo kikubwa, na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi). Ukurasa huo mmoja unaokoa safari nyingi za kwenda na kurudi.

Kuhusu magogo yenyewe, ushauri wangu ni kuachana na gogo zima. Piga hesabu: ukuta wa kimo cha mita 2.4 kwa magogo ya kipenyo cha milimita 200, ukishayachonga yalaliane, ni mistari kama 14. Mzunguko wa nyumba yako ni mita 21.6. Unapata zaidi ya mita 300 za magogo, yaani mita za ujazo 9.5 hivi kwa kijumba kimoja, kabla ya kutoa milango na madirisha. Mkaratusi mbichi unakaribia tani 1 kwa mita ya ujazo. Gogo moja la mita 4 lina kilo 125. Nani anapandisha hayo kwenye mteremko wa mawe? Halafu gogo bichi linasinyaa. Ukuta wa mita 2.4 unaweza kushuka sentimita 7 au zaidi ukikauka. Asiyeacha nafasi ya kushuka juu ya fremu za madirisha, vioo vinapasuka na milango inakwama, na fundi analaumiwa kwa kosa la mchoraji.

Njia inayofaa hapa ni fremu ya mbao, nje ukipiga mabanzi (vipande vya pembeni vya gogo) yaliyomenywa ganda. Kwa mbali mgeni anaona magogo. Ganda lisibaki hata kipande, maana chini yake ndipo bungua, mdudu mtoboa mbao, anapotagia. Paina unapata kutoka mashamba ya TFS (wakala wa misitu) ya Buhindi na Rubya, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 lori la kutoka Sengerema halisubiri tena kivuko. Dai risiti, kibali cha kusafirisha mazao ya misitu na alama ya nyundo (muhuri unaogongwa kwenye mbao) kwenye mzigo; bila hivyo unaweza kunyang'anywa mbao barabarani hata kama ulilipa pesa yote.

Msingi. Mwanza tuna majabali, na watu wanadhani jabali ni msingi wa bure. Kwanza jua kama ni mwamba au ni jiwe lililokaa tu juu ya udongo. Chimba pembeni pande zote mbili za chini. Ukikuta udongo unaingia chini yake, hilo litasogea mvua zikizidi, usilikalie. Kwenye mwamba wa kweli toboa tundu la milimita 16, kina milimita 250, lipulizie vumbi lote litoke, weka gundi ya epoksi na nondo ya milimita 12. Ukitumia uji wa saruji badala ya gundi, tundu liwe pana zaidi, kama milimita 25. Vumbi likibaki, nondo inachomoka kwa mkono. Penye udongo, chimba kitako cha zege cha milimita 600 kwa 600, unene 250.

Kwa kijumba chako weka mistari mitatu ya nguzo fupi za zege au mawe, mita 2.4 kati ya mstari na mstari, na kila mstari nguzo tano kwa nafasi ya mita 1.5. Jumla 15. Nguzo iliyo fupi kuliko zote isipungue milimita 450 juu ya ardhi. Kimo hicho ni ili mtu aweze kutambaa chini ya nyumba na tochi kutafuta njia za udongo za mchwa. Juu ya kila nguzo weka kofia ya bati tambarare iliyotokeza milimita 50 kila upande na kukunjwa kuelekea chini. Kofia haimuui mchwa. Inamlazimisha apite nje unapomwona. Anayejaza kifusi chini ya sakafu "ili ipendeze" amempa mchwa daraja, na kofia zote 15 zimekuwa pambo.

Juu ya nguzo panda mihimili ya inchi 2x6 mbili mbili zilizofungwa kwa bolti, ikifuata urefu wa mita 6. Juu yake boriti za 2x6 kila milimita 400: mistari 16, kila mstari vipande viwili vinavyopishana juu ya mhimili wa kati. Mbao 32 za futi 12 zinatosha, na vipande vinavyobaki, kama mita 1.1 kila kimoja, ndivyo vya kukaza katikati ya boriti zisipinde. Usivutwe na majedwali ya Ulaya yanayoruhusu boriti hiyo kuruka zaidi ya mita 3: yamepigiwa mbao zilizokaushwa na kupimwa daraja, na 2x6 ya dukani kwetu ukiipima kwa tepu mara nyingi haifiki inchi 2 kamili. Ndiyo maana nimeweka 2.4. Ukuta ni 2x4 kila milimita 600. Ukihesabu kona, milango na madirisha andaa kama 50 za futi 8.

Mnyororo wa kushikilia paa ndio mahali pa kumsimamia fundi kwa macho. Upepo wa ziwani unaoongozana na mvua haubonyezi paa, unalinyanyua. Msumari uliopigwa kwenye ncha ya mbao, ukiingia kufuata nyuzi zake, hauna nguvu ya kuzuia kuchomoka. Kila kenchi ifungwe kwa utepe wa chuma kwenye wolupleti (mbao iliyolala juu ya ukuta kubeba paa), wolupleti kwenye nguzo za ukuta, nguzo za ukuta kwenye mhimili, na mhimili kwenye nondo iliyotoka ndani ya nguzo ya zege. Kiungo kimoja kikikosekana, vingine vyote ni kazi bure. Misumari na bolti ziwe za mabati. Chuma cheusi kwenye mbao yenye dawa ya shaba kinaliwa haraka.

Moto ndio utakaoulizwa zaidi. Tenganisha vijumba kwa mita 6 au zaidi, na usiezeke nyasi. Bati la geji 28 linatosha. Jiko, la mkaa au gesi, likae kwenye banda lake la tofali, mtungi nje. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anapita, bila nondo zisizofunguka kwa ndani. Acha njia ya mita 4 isiyo na kona kali kwa gari la zimamoto. Umeme afunge fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), nyaya zote ndani ya bomba, maungio yote ndani ya boksi, na kikata umeme cha kuvuja kiwepo. Waya uliobanwa na msumari wa mabanzi hauonekani hadi siku unapowaka, kwa hiyo piga picha kuta zote kabla ya kufunika.

Halafu radi. Ziwa hili lina dhoruba za radi nyingi usiku, na nyumba ya mbao mlimani iko wazi. Unahitaji waya wa shaba wa milimita za mraba 50 kutoka paani hadi ardhini, pande mbili za nyumba. Shida ya kwetu ni ardhi: fimbo ya mita 1.5 haizami kwenye granaiti, na fundi anaikata na kuificha. Badala yake zungusha shaba kuizunguka nyumba, kina cha nusu mita, mita 1 kutoka ukutani, ukifuata palipo na udongo. Pimisha ukinzani wa arthi, lenga omu 10 au chini. Bati la paa na arthi ya umeme viunganishwe hapohapo, la sivyo radi itaruka kutoka kimoja kwenda kingine kupitia ukuta wako.

Dawa ya mbao: nunua zilizoshindiliwa CCA (dawa ya shaba, kromiamu na arseniki) kiwandani. Kupaka kwa brashi kunaishia juu juu. Mbao ikae kivulini ikauke kabla ya kufungwa, imetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Kila ukikata umefungua moyo wa mbao usio na dawa, kwa hiyo paka dawa kila ncha siku hiyohiyo, na ncha iliyokatwa isielekee ardhini. Masalia yake yana arseniki. Kusanya hadi vumbi la msumeno, yasiingie ziwani, na usiwape akina mama wa mwaloni, soko la samaki ufukweni, wakaenda kufukizia samaki wala kupikia, hata wakiomba vipi.