Usichonge Ngazi Kabla Hujalijua Paa

Kwenye Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloku, nilitengeneza ngazi 88 za mwaloni mweusi (bloku zenye umbo la kidaraja, ambazo hutumika pia kuezekea) kwa mkupuo mmoja, nikazipanga zote juu ya nyumba, nikashuka, nikarudi nyuma hatua kama ishirini ili nitazame kazi ya mikono yangu. Paa lilikuwa baya. Weusi ule juu ya kuta za matofali mekundu uliifanya nyumba ionekane kama imeungua jana yake. Nikapanda tena, nikazibomoa moja baada ya nyingine, na hapo ndipo akili iliponijia: ngazi ikishakuwa ngazi, basi. Huirudishi kwenye meza ya ufundi ikawa mbao tena. Magogo 33 yalikuwa yamekwenda na maji.

Ninazungumzia Minecraft ya kawaida, ile ya kuchimba na kutafuta kila kitu mwenyewe, isiyoongezewa modi yoyote, yaani nyongeza za watu wengine. Nimejenga humo kwa miaka kadhaa, na nikitazama nyuma, hasara zangu nyingi hazikutokana na Creeper, yule kiumbe anayelipuka, wala kuanguka kwenye lava. Zilitokana na haraka ya kutengeneza vitu. Ukishapata magogo mkononi, mkono unawasha: mbao zote, ngazi zote, uzio wote, kasha linajaa vipande vya kila umbo, halafu ukuta unapohitaji bloku nzima huna hata moja.

Siku hizi vifaa vyangu vinakaa ghafi hadi dakika ya mwisho. Magogo yanabaki magogo. Faida ya kwanza ni nafasi: gogo moja ni mbao 4, kwa hiyo rundo moja la magogo 64, linalokaa nafasi moja, ni mbao 256, ambazo zingekula nafasi nne kasha likiwa na nafasi 27 tu. Faida ya pili ni uhuru wa kubadili mawazo, na mjenzi hubadili mawazo kuliko anavyokubali.

Turudi kwenye lile paa, maana hesabu yake inafundisha. Nyumba ilikuwa na upana wa bloku 9 na urefu wa 11. Paa la mgongo juu ya upana huo lina safu nne za ngazi kila upande, na kila safu ina ngazi 11, jumla 88. Kwenye meza ya ufundi bloku 6 hutoa ngazi 4. Yaani ngazi 88 zinameza bloku 132, na theluthi nzima inapotea hewani. Kwa mbao hakuna njia nyingine. Kwa mawe ipo: mashine ya kukatia mawe hutoa ngazi moja kwa kila jiwe moja. Paa lilelile kwa mawe ni bloku 88, hakuna kinachopotea. Na mashine yenyewe ni kipande kimoja cha chuma na mawe matatu yaliyochomwa, haili makaa wala kuni. Sijui kwa nini nilikaa miezi yote ile bila kuitengeneza. Nadhani nilidhani ni pambo.

Angalizo: kwa nusu-bloku mashine haikupi nafuu. Mezani bloku 3 zinatoa nusu 6, kwenye mashine bloku 1 inatoa nusu 2, ni yaleyale. Tofauti ni kwamba mashine inakuruhusu kukata moja moja. Kwa mgongo wa paa langu nilihitaji nusu-bloku 11, nikakata mawe 6, ikabaki moja.

Sasa matofali. Hapa ndipo wengi huchoka na kuishia kujenga kwa udongo mtupu, na chanzo ni kwamba hawakupiga hesabu ya tanuri. Bloku moja ya udongo wa mfinyanzi ukiichimba kwa koleo inakupa madonge 4. Kila donge linachomwa peke yake, sekunde 10, linakuwa tofali. Matofali 4 mezani yanarudi kuwa bloku moja. Kwa hiyo bloku za ukuta ni sawa na bloku za mfinyanzi utakazochimba mtoni, hilo ni rahisi kukumbuka. Kinachoua ni muda. Kuta zangu zilikuwa za kimo cha bloku 4, mzunguko ni 36, jumla 144. Toa mlango bloku 2 na madirisha bloku 12, zinabaki 130. Matofali 520. Kwa tanuri moja hiyo ni saa moja na dakika karibu 27 za kusimama unatazama moto.

Jenga matanuri manane. Kila moja ni mawe ghafi 8 tu, na hayo mfuko wako umejaa tayari. Nafasi ya juu ya tanuri inapokea madonge 64, na kipande kimoja cha makaa kinachoma vitu 8, kwa hiyo kila tanuri lipe madonge 64 na makaa 8, kisha ondoka. Baada ya dakika 10 na sekunde 40 una matofali 512, yaani bloku 128, na hakuna kipande cha makaa kilichoungua bure. Nilipungukiwa na bloku 2 tu za ukuta. Halafu nikakumbuka pembetatu mbili za chini ya paa, kila moja bloku 16, nikarudi mtoni nikiwa nimenuna. Zihesabu hizo pembetatu mapema. Kila mtu huzisahau.

Usije ukafanya nilichofanya mimi nilipotaka kuharakisha. Nilisikia kuna tanuri la mlipuko linalochoma kwa kasi maradufu, nikalitafuta: vipande 5 vya chuma, tanuri moja la kawaida, na mawe laini 3, na jiwe laini ni jiwe ghafi lililochomwa mara mbili. Nikalijenga, nikalipeleka mtoni, nikalitia udongo wa mfinyanzi. Likakataa. Nikalitia mchanga. Likakataa. Lile ni la madini tu na vyombo vya chuma. Udongo, mchanga na mawe ni kazi ya tanuri la kawaida, na njia ya kuharakisha ni kuongeza idadi.

Kuhusu kuni nina neno. Gogo zima ukilitia chini ya tanuri linachoma kitu kimoja na nusu. Ubao mmoja nao unachoma kimoja na nusu. Maana yake gogo ulilopasua mbao linachoma 6, na gogo ulilochoma mpaka likawa mkaa linachoma 8. Anayetia magogo mazima anachezea msitu. Ndoo ya lava inachoma vitu 100, na bloku ya makaa, inayotengenezwa kwa makaa 9, inachoma 80. Zote mbili ni nzuri ukiwa umekaa karibu. Moto wake hauzimiki hata kama juu hakuna kitu, na kwa kuwa nafasi ya juu inabeba 64 tu, ukienda kuchimba ukasahau kuongeza, zilizobaki zinaungulia patupu. Ndiyo maana mimi ni mtu wa makaa 8 kwa madonge 64.

Mawe ya kawaida hayana mambo mengi. Jiwe ghafi ukilichoma linakuwa jiwe safi, mawe safi manne yanatoa bloku nne za mawe ya kuchonga. Kabla hujachoma, hata hivyo, jiulize kama kweli unayahitaji yaliyochomwa, kwa sababu mashine ya kukatia inapokea jiwe ghafi vilevile na kulitoa ngazi au ukuta bila cheche moja ya moto. Paa langu la pili lilikuwa hivyo, ghafi tupu, na linapendeza zaidi ya nilivyotarajia.

Vioo: mchanga unachomwa, vioo 6 vinatoa vioo vyembamba 16. Madirisha yangu ya bloku 12 yalimalizwa na mchanga wa bloku 6, vikabaki vinne. Weka akiba, maana kioo ukikosea mahali na kukivunja hupati kitu, isipokuwa una sururu yenye uchawi wa kung'oa bloku nzima nzima.

Zege ni habari nyingine. Mchanga 4, changarawe 4, rangi 1, unapata unga wa zege 8. Unga huo unaanguka kama mchanga, hauning'inii, na unakuwa zege pale tu unapogusa maji. Hapa kanuni yangu inageuka: zege ligandishe kabla hujafika kwenye ujenzi. Simama kando ya maji, panga nguzo ya unga iguse maji, kisha ichimbe kwa sururu. Kwa mkono mtupu zege linavunjika na kupotea, nami nilipoteza bloku tisa za bluu kabla sijaelewa kwa nini mfuko haujai. Na mchanga wake kachimbe mbali na nyumba yako. Ufukwe uliochimbwa mashimo hauponi.

Ninapokwenda kujenga sasa nabeba magogo, mawe ghafi, meza ya ufundi na mashine ya kukatia, basi. Naiweka mashine chini ya ukuta ninaoujenga, nakata ngazi 11, napanda kuzipanga, natazama, nashuka kukata 11 nyingine. Safu ya kwanza ikiniudhi, nimepoteza mawe 11.

Zile ngazi za mwaloni mweusi ziliishia tanurini. Nilitia 84, zikanichomea matofali 126 ya zile pembetatu. Nne zilizobaki niliziweka kibarazani, mbili mbili, zikitazamana. Ndivyo viti vyangu.