Kitenzi "reduce": kwa mnaoanza kusoma sayansi kwa Kiingereza

Wadogo zangu mliomaliza shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa mnafundishwa sayansi kwa Kiingereza, msiyaogope sana maneno marefu. "Photosynthesis" utaikariri mapema, maana ukiiona tu unajua huijui. Yaogopeni maneno mafupi mnayodhani mmeshayajua. Nachukua "reduce", kwa sababu kila ninaposahihisha madaftari naliona likiwanyima alama wanafunzi wenye akili kabisa.

Kamusi ndogo itakuambia ni "punguza". Mtaani inatosha. Kwenye hesabu inaanza kuyumba: ukiambiwa u-reduce 12/18, jibu ni 2/3, na thamani haijapungua hata chembe. Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, na huko kilimaanisha kukiongoza kitu kirudi nyuma. Shika maana zote mbili, kupunguza na kurudisha, kisha twende maabara.

Chukua oksidi ya shaba, ule unga mweusi. Ipashe moto huku ukipitisha gesi ya hidrojeni juu yake. Hidrojeni inanyakua oksijeni na kuwa maji, na unga unageuka shaba yenye wekundu wake. Gramu 80 za oksidi zinakuachia takriban gramu 64 za shaba. Uzito umepungua, na shaba imerudi kuwa shaba. Kazi ya namna hiyo ilifanywa Buhaya, Kagera, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita: mkaa uliowaka ndani ya tanuru ulitoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo ikaondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma. Mimi huwa nafurahi sana darasa linapogundua kuwa kemia hiyo ilikuwa nyumbani siku zote.

Elektroni ilipogunduliwa mwaka 1897, baadaye maana ikapanuka: siku hizi kitu kikipokea elektroni, kimekuwa "reduced". Hapa ndipo wengi wanakwama. Kinapokea, halafu tuseme kimepungua? Ndiyo, kwa sababu elektroni ina chaji hasi. Ioni ya shaba yenye chaji ya +2 ikipokea elektroni mbili inabaki na sifuri. Kilichoshuka ni ile namba. Wengi mtafundishwa kukariri OIL RIG (Oxidation Is Loss, Reduction Is Gain: kuoksidishwa ni kupoteza elektroni, kuwa "reduced" ni kuzipata). Karirini, lakini mkielewa hesabu hii hamtaisahau hata mkiwa na hofu ya mtihani.

Sasa baiolojia. Kwenye vipimo vya chakula mtakutana na "reducing sugar", na kila mwaka yupo anayeandika kwamba ni sukari inayopungua, au inayopunguza uzito wa mwili. Glukosi inaitwa hivyo kwa sababu inaipa elektroni shaba iliyomo kwenye myeyusho wa Benedict. Ukipasha moto, ubuluu unapotea na mashapo mekundu kama tofali yanajitokeza. Sukari tunayotia kwenye chai haifanyi hivyo mpaka kwanza uichemshe na asidi hafifu, kisha uondoe ile asidi kwa magadi. Ukijua kitenzi kina maana gani hapo, jaribio zima linajieleza.

Kwa hiyo nashauri hivi. Usiandike pembeni ya daftari "reduce = punguza" ukaishia hapo. Andika sentensi nzima, kisha jiulize nani anatenda na nani anatendwa. Kaboni "reduces" oksidi. Oksidi "is reduced" na kaboni. Herufi chache hizo zinageuza jibu lote, na kaboni yenyewe, inayoitwa "reducing agent", inatoka pale imeoksidishwa. Swali likikuuliza ni kipi kimekuwa "reduced", angalia namba ya uoksidishaji ("oxidation number", yaani chaji ambayo kila atomi inahesabiwa kuwa nayo) ya kila elementi kabla na baada. Iliyoshuka ndiyo jibu.

Kwenye meiosis, mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu za kiume na mayai, mambo ni mepesi: kromosomu 46 za binadamu zinakuwa 23, na hapo "punguza" ya kawaida inafaa kabisa.

Na wale mnaolenga uganga, mtalikuta tena wodini. Faili likisema "fracture reduced", mfupa uliovunjika umerudishwa kwenye mstari wake, na mgonjwa yuko tayari kufungwa hogo.