Mlango umepimwa mara mbili na bado kona hazilingani: chunguza skwea na alama kabla ya kununua tepu nyingine

Mleta uzi ameuliza hivi: anatengeneza mlango wa mninga wa mm 800 kwa 2000, miimo miwili (mbao za kusimama) na mbao tatu za kulala, kila kitu amepima mara mbili kwa tepu mpya. Alipouunganisha bila gundi, vipimo viwili vya mshazari, kona kwa kona, vikatofautiana mm 6, na nyuma kwenye mabega ya ndimi kuna mwanya wa karibu mm 1 (ulimi ni ncha nyembamba ya mbao ya kulala inayoingia kwenye tundu la mwimo, na bega ni ukingo unaobaki nje na kuugusa mwimo). Anataka ashauriwe anunue tepu gani.

Mkuu, hiyo si kazi ya tepu. Anza na hesabu hii. Kwa mlango wa 800 kwa 2000, tofauti ya mm 6 kati ya kona maana yake juu umelala pembeni karibu mm 8. Mm 8 katika urefu wa mm 2000 ni sawa na mm 0.4 katika kila mm 100. Kama mbao zako za kulala zina upana wa mm 100, basi bega lililokwenda upande kwa mm 0.4 tu linatosha kukupa mlango huo. Mm 0.4 ni unene wa mstari wa penseli iliyochongwa vizuri. Hakuna tepu itakayokuonyesha kosa hilo. Linaonekana kwenye skwea, na linazuiwa kwa kisu.

Kwa hiyo kagua skwea, kifaa cha kupimia pembe mraba, leo kabla hujagusa mbao. Chukua kipande kipana chenye ubavu ulionyooka kabisa, ubandike mpini wa skwea kwenye ubavu huo na uchore mstari kwa kisu. Igeuze skwea upande wa pili, ubavu uleule, uchore tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikifunikana, skwea ni nzima. Ikiachana, mwanya unaouona ni kosa mara mbili: ukiona mm 0.8 mwisho wa mm 100, skwea yako imepotoka mm 0.4, na mlango wako umeshajieleza. Lakini ubavu wenyewe ukiwa na tumbo, jaribio zima ni bure, kwa hiyo unyooshe kwa randa kwanza.

Skwea kubwa ya bati moja, ile ya mafundi wa kenchi, inaweza kurekebishwa: gonga kwa senta panchi (chuma chenye ncha cha kutia alama) karibu na kona ya ndani ili pembe ifunguke, au karibu na kona ya nje ili ifunge. Gonga kidogo, pima tena. Skwea ya mpini wa mbao iliyolegea misumari yake, mimi siitumii kuwekea alama za viungo. Inafaa kuchora mstari wa kukatia mbao ndefu, basi.

Sasa huo mwanya wa nyuma. Huo unatokana na kuzungusha mstari vibaya. Mbao iliyopigwa randa kwa mkono, na hata nyingi zinazotoka mashineni, pande zake zinazotazamana hazilingani sawasawa. Ukichora bega la mbele kwa kuegemeza skwea ubavu wa kushoto, kisha la nyuma kwa kuegemeza ubavu wa kulia, umetumia misingi miwili tofauti na mistari haitakutana. Dawa yake ni kuchagua uso mmoja na ubavu mmoja wa kila mbao, kuvinyoosha na kuhakikisha vina pembe mraba kati yao, kisha kuvitia alama inayoonekana. Mpini wa skwea na kichwa cha mahati (kifaa chenye msumari cha kuchora mistari sambamba na ubavu) havigusi upande mwingine wowote mpaka kazi iishe. Mbele na nyuma egemeza kwenye ubavu ulioutia alama, na kwenye bavu zote mbili egemeza kwenye uso ulioutia alama. Mstari ukizunguka pande nne unatakiwa urudi kwenye nukta uliyoanzia. Ukipishana hata kidogo usikate. Ama skwea ina kosa, ama ubavu na uso havijakaa mraba.

Kuhusu urefu wa mbao za kulala, kipimo kinachojenga mlango ni kutoka bega hadi bega. Mlango wa 800 wenye miimo ya mm 100 kila mmoja una mm 600 kati ya mabega. Ukiweka ndimi za mm 70 kila upande, kata kipande cha mm 740. Wengi wanaharibu mbao hapa kwa kukata 600 na kusahau ndimi. Kisha usizipime mbao tatu moja moja. Zipange pamoja, bavu zilizotiwa alama zikitazama juu, zibane kwa klampu, pima mara moja, na ukate mstari wa kisu unaopita juu ya zote tatu kwa mpigo. Hata kama umekosea ukapata mm 599, zote zitakuwa 599 na miimo itasimama sambamba. Zitenganishe, halafu kila moja izungushiwe mstari wake kwa skwea. Miimo nayo ifanyie vivyo hivyo kwa nafasi za matundu, na iache na mm 30 hadi 40 za ziada juu na chini, zisikatwe mpaka gundi ikauke, maana tundu lililo karibu na ncha hupasuka unapogonga patasi.

Kisu kinachofaa ni chenye makali yaliyonolewa upande mmoja tu. Ubapa wake unalala kwenye skwea, na upande wenye mteremko unatazama sehemu ya kutupa. Mpito wa kwanza uwe mwepesi sana, kama unaonyesha njia tu, wa pili ukaze. Ukikandamiza tangu mwanzo, kisu kinafuata nyuzi za mbao na kuisukuma skwea. Faida ya kisu si wembamba wa mstari peke yake. Nyuzi zimeshakatwa, hivyo msumeno haung'oi vipande ukingoni, na patasi inakaa yenyewe ndani ya mkato huo unapomalizia bega. Kwenye mninga mweusi mkato hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha penseli kali ndani yake. Weka alama ya X upande wa kutupa kila mara, hata ukiwa na uhakika.

Kwa unene wa ulimi na upana wa tundu, tumia mahati, au geji kama wengi wanavyoiita, na usiiseti kwa rula. Iseti kwa patasi yako. Ulimi huwa theluthi moja ya unene wa mbao, hivyo mbao ya inchi 2 iliyobaki mm 42 baada ya randa inataka mm 14, lakini kama patasi uliyonayo ni ya mm 12, ulimi utakuwa mm 12. Weka patasi kati ya misumari miwili ya mahati mpaka iguse pande zote, funga, kisha chora matundu na ndimi zote bila kubadilisha chochote, kichwa cha mahati kikiegemea uso uliotiwa alama kwenye kila mbao. Ukifanya hivyo, hata tundu lisipokuwa katikati kamili, nyuso za mbele zitalingana. Msumari uliochongwa mduara huchanachana nyuzi ukiuvuta kukingama, ndiyo maana mafundi huunoa kwa tupa ndogo uwe kama ncha ya kisu. Na kila ukivuta, nguvu kubwa iwe ya kukandamiza kichwa kwenye mbao, si ya kusukuma mbele, kwa sababu nyuzi zilizopinda zitaichukua mahati na kuipeleka zinakotaka.

Ukishaunganisha, pima kona kwa kona, ila jua mpaka wa kipimo hicho. Mbao ya juu ikiwa 598 na ya chini 602, kona zinaweza kulingana kabisa huku mlango ni mpana chini. Kwa hiyo pima kwanza upana wa juu, wa kati na wa chini, hakikisha ni sawa, ndipo upime kona. Zikitofautiana kidogo, legeza klampu na uziweke upya zikiwa zimeinama kufuata kona iliyo ndefu. Kona ndefu ikipungua mm 1, fupi inaongezeka mm 1, hivyo lenga nusu ya tofauti. Kwa mm 6 zako, usilazimishe. Mabega yatafunguka. Kata mabega upya kwa skwea iliyokaguliwa na ukubali mlango kupungua mm 1 au 2 kwa upana.

Halafu kuna kujipinda, ambako kona hazikuonyeshi. Weka fito mbili zilizonyooka, moja juu ya mlango na moja chini, uinamie na uzitazame kwa jicho moja. Kingo zake zikipishana, mlango umejipinda na utagusa fremu kona moja tu. Fito ndefu kuliko upana wa mlango huonyesha kosa dogo kwa ukubwa zaidi.

Nirudi kwenye tepu maana uliiulizia. Ndoano ya mbele inacheza kwa makusudi, kiasi cha unene wake, karibu mm 1. Ukiivuta kwenye ncha ya mbao unene wake hauhesabiwi, ukiisukuma ukutani unahesabiwa. Usiigonge ili isicheze. Kinachoiua ni kuiachia irudi kwa kasi ikagonga boksi. Jaribio lake: nasa ndoano kwenye ncha ya mbao, weka alama kwenye 300. Kisha bandika ncha hiyo ukutani, sukuma tepu kwenye ukuta uleule, usome. Ikisoma 300, ndoano ni nzima. Tepu nyingi zina namba ya kirumi ndani ya duara la yai. Ya daraja la II inaruhusiwa kukosea hadi mm 0.7 katika mita 2, ya daraja la I mm 0.3. Maana yake tepu mbili nzuri za daraja la II zinaweza kuachana mm 1.4 bila hata moja kuwa mbovu. Tumia tepu moja kazi nzima, na msaidizi asitumie tepu yake. Kwa chini ya mm 300 tumia rula ya chuma, isimamishe kwa ukingo wake ili vistari viguse mbao. Ukianzia kwenye 100 kukwepa ndoano, mwambie anayekata, kwa sababu kosa lake likitokea si la mm 1, ni la mm 100.

Mbao zetu zinauzwa kwa inchi na futi huku vitasa, bawaba na ubao wa MDF vikija kwa milimita, na hapo pana mtego. Anayehesabu inchi moja kuwa mm 25 kwa futi 6 anapata 1800 wakati ni 1828.8. Karibu mm 29 zimepotea. Chagua kimoja kwa kazi nzima. Na plaiwudi ya mm 18 usiiamini jina, mara nyingi ni pungufu. Mfereji wa rafu uwekee alama kwa kusimamisha kipande chenyewe mahali pake na kupitisha kisu pande zote mbili.

Ukikata vipande kadhaa kutoka mbao moja, usichore 300, 600, 900, 1200 kwa mfuatano. Msumeno wa mashine unakula karibu mm 3 kila mkato, na ukikata katikati ya mistari, vipande vya kati vitapungua mm 3 kila kimoja. Chora kimoja, kata, chora kinachofuata, au funga kizuizi mezani.

Kabla hujakata mabega upya, rudi kwenye fremu yenyewe iliyojengwa ukutani. Pima upana juu, katikati na chini, chukua ulio mdogo kuliko yote, toa mm 3 kila upande, na chini acha mm 8 hadi 10 juu ya tailizi. Kama tailizi bado hazijawekwa, uliza unene wake na wa udongo wake, na ziada ya miimo uiache chini mpaka sakafu ikamilike.