Babako Alikuwa Akienda Wapi Jumapili

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu, baada ya isha

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Marahaba ya shikamoo yako, ingawa umeiandika mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi chakula kikiwa mezani. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima. Kusi imeshika, bahari imechafuka, samaki hawashikiki kwa bei. Goti langu la kushoto lina maneno yake, lakini hayo ya simuni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza mbiombio, kutazama kama kuna mgonjwa. Ya pili kwa miwani. Ya tatu nilikaa nayo dirishani mpaka chai ikapoa. Umeniandikia habari za baiskeli kurasa mbili nzima, halafu swali lenyewe ukalibana kwenye mstari wa mwisho: "Mama, Baba alikuwa akienda wapi na ile baiskeli kila Jumapili? Maana naona na mimi nimeanza, na shangazi anasema huu ni upweke, nimeshakuwa Mzungu."

Nitakujibu. Lakini niache kwanza nizifurahie hizo kurasa mbili, maana miaka minne uko Uholanzi na hujawahi kuniandikia kitu kirefu hivyo kisichokuwa na kazi wala karatasi za kibali.

Hiyo baiskeli yako unasema jina lake kwa Kiholanzi maana yake ni baiskeli ya bibi. Nimecheka peke yangu. Nyeusi, ndefu, usukani umerudi nyuma kumfuata mtu, haina paipu ya katikati, na kuisimamisha ni kukanyaga pedali kinyumenyume. Umeinunua kuukuu, kisha ukanunua kufuli mbili zilizoipita bei baiskeli yenyewe. Hapo nikajua umeshakuwa mwenyeji. Nchi yenye baiskeli zaidi ya milioni 20, na watu hata hizo hawazifikii, na bado wanaibiana!

Laiti baiskeli ya bibi ingekuwapo mtaani kwetu enzi zile. Sisi wasichana wa Mji wa Kale tuliambiwa buibui na paipu havikai pamoja, maneno yakaishia hapo. Nilipokuwa na miaka 11 niliichukua baiskeli ya mjombako bila ruhusa, kiza kikiingia, pale Makadara. Nikapitisha mguu chini ya paipu kama nilivyowaona watoto wa kiume wakifanya, mwili umepinda kama kambare, nikauzunguka uwanja mara mbili na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu nyanyako alitokea. Sikupanda tena.

Lililonishinda kuliamini ni hilo la kupita chini ya mto. Kwamba unaisimamisha baiskeli juu ya ngazi za mbao zinazotembea zenyewe, zinakushusha mpaka chini ya Maas, kisha unapanda na kwenda zako na juu ya kichwa maji na vyombo vinapita. Na tobo hilo lipo tangu 1942, vita vimewazunguka! Nimemsomea jirani yetu wa Likoni, akanyamaza, kisha akasema, "Na sisi feri." Yeye kila asubuhi husimama pale bega kwa bega na mwenye baiskeli, mwenye kuku, mwenye mgonjwa, wote wanatazama ng'ambo wanayoiona kwa macho.

Vile vibao vya namba vya njia za baiskeli navyo. Unaandika namba chache kwenye kikaratasi, unakifunga kwenye usukani, unafuata kibao hiki mpaka kile, njia panda hii mpaka ile, humuulizi mtu. Umesema fikra hiyo ilianzia Ubelgiji miaka ya 1990, kwa mhandisi wa migodi, kwa kuwa kule chini ya ardhi njia panda zilipewa namba watu wasipotee. Babako angelipenda hilo kupita kiasi. Angelikuandikia namba mwenyewe kwa ile kalamu yake nyekundu, na angelizihakiki mara mbili.

Basi twende kwake.

Unakumbuka alikuwa karani bandarini Kilindini, wa kuhesabu mizigo. Magunia, makasha, marobota. Kilichoshuka, kilichopanda, kilichopotea. Siku sita alihesabu. Usiku alihesabu usingizini, mimi nikimsikia: "Mia nne na kumi na mbili... kumi na tatu..." Jumapili akishasali alasiri, huitoa ile baiskeli yake ya Black Mamba chini ya ngazi, huifuta vumbi, hubinya tairi kwa kidole gumba, huyo. Hasemi anakwenda wapi. Nikimuuliza hunijibu, "Napunga upepo." Hurudi karibu na maghribi, mfukoni ana kachri zenu kwenye kikaratasi, na uso umelainika kama wa mtu aliyepokea habari njema.

Ule uso ndio ulionitia wasiwasi. Nawe sasa ni mtu mzima, naweza kukwambia. Mume atoke kila Jumapili peke yake, amejipaka mafuta, arudi na furaha asiyoieleza? Mashoga zangu hawakusaidia. Mmoja aliniambia waziwazi, "Huyo ana nyumba ya pili, Tudor au Ganjoni." Nikakonda.

Jumapili moja, wewe ukiwa bado hujaanza shule, nilikuacha kwa nyanyako nikavaa buibui na ninja, nikakodi teksi. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini nilipomwambia mfuate yule mwenye baiskeli ila usimkaribie, akafunga mdomo kwa heshima ya jambo lenyewe. Tukampitia Ngomeni kwa nyuma, tukapita hospitalini, tukaingia Kizingo. Babako anakwenda polepole, mgongo wima, hata mtoto anayesukuma tairi angempita. Moyo wangu unanidunda nikisema sasa atakata kona. Hakukata. Akaishia pale Mama Ngina, kando ya bahari, akaiegemeza baiskeli kwenye mbuyu, akanunua muhogo wa kukaanga, akatia ndimu na pilipili, akakaa kwenye ukuta akitazama bahari.

Tukangoja. Nilikuwa nimeshapanga maneno nitakayomwambia huyo mwanamke. Hakuja mtu. Babako alimaliza muhogo, akajifuta vidole, akakaa. Hana gazeti, hana redio. Ikaja meli kutoka nje, kubwa, ya makasha, imetanguliwa na boti ya rubani, ikapita pale mkondoni karibu hata ungemrushia ndimu baharia. Babako akaifuata kwa macho tangu inatokeza mpaka inapinda kuingia Kilindini. Kesho yake angeshinda juani akiyahesabu makasha yale yale. Siku hiyo aliyatazama tu. Nilimwona midomo yake: haikutikisika.

Dereva akaniuliza kwa upole, "Mama, umekipata ulichokitafuta?" Nikamwambia nirudishe nyumbani. Njia nzima nililia, na mpaka leo siwezi kukueleza kwa nini. Nadhani ningelijua la kufanya kama ningemkuta na mtu.

Hilo nililificha miaka zaidi ya ishirini. Nilimwambia babako mwaka ule wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kupanda baiskeli, tumekaa barazani jioni. Nikasema nina dhambi nataka kuitubu, nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Nilikuona. Teksi gani husimama juani nusu saa, vioo vimefungwa?" Kisha akakaa kimya, akaniuliza, "Kwa nini hukushuka?"

Mwanangu, swali hilo sikumjibu. Na nikiwa mkweli, nilitaka kumuuliza na yeye: kwa nini hukuniita?

Kwa hivyo hapo ndipo alipokuwa akienda. Hapakuwa na zaidi, na mimi sitaki umtengenezee babako hekima asiyokuwa nayo. Alikuwa mtu aliyechoka na kuhesabu.

Sasa la shangazi yako. Yeye anaita upweke. Lugha yetu ina neno jingine lililokaa karibu yake na watu huyachanganya, nalo ni faragha. Upweke huletewa; faragha waitafuta mwenyewe, waifungia mlango, na ukimaliza waufungua. Wewe ulivyoniandikia Jumapili ile ya kwenda Kinderdijk, kilomita kama 20 umefuata mto, upepo wa omo, wa usoni, wakati wa kwenda mpaka ukateremka ukaisukuma, kisha ukakaa kwenye nyasi ukavitazama vile vinu vya upepo 19 vilivyosimama pale karibu miaka 300 vikivuta maji ya mashamba kuyapandisha mtoni, ukala mkate wako, ukarudi, sikuona upweke hapo. Niliona muhogo na ndimu. Tena nilivyosoma kwamba mashamba yenyewe yako chini kuliko maji ya mto, nikasema huyu mtoto amekwenda mbali kote huko kutafuta ukuta wa kukalia ayatazame maji, na kwao ameuacha.

Na neno la babako, kupunga upepo. Wajua fika kwamba huku kwetu pepo nao hupungwa. Wenye jini kichwani hupigiwa ngoma, hufukiziwa ubani, mpaka anayewasumbua aseme anataka nini apewe aondoke. Mimi si mtu wa ngoma hizo, nawe wajua nyanyako alivyokuwa akinigombeza kwa kuzicheka. Lakini nikimtazama babako alivyotoka na uso ule wa Jumamosi na kurudi na mwingine, nilijiambia huyu naye kapungwa, ila kwa gharama nafuu.

Kitu kimoja katika barua yako sikukipenda. Umenieleza mara tatu kwamba ni mazoezi. Kwamba daktari kasema, kwamba unalala vizuri, kwamba moyo, kwamba nauli ya treni ni ghali. Nani amekudai risiti? Mtu akikuuliza ulikuwa wapi, sema nilikwenda kupunga upepo. Sisi wanawake ndio tuna ugonjwa huu, raha yetu lazima ivae nguo ya kazi. Mimi faragha yangu ilikuwa baada ya swala ya alfajiri, kikombe cha kahawa chungu na lile dirisha la juu, kabla hamjaamka. Dakika 15, labda 20. Na nilikuwa nakaa na mchele wa kuchagua mapajani, ili mtu akitokea aone kwamba nafanya kazi. Mchele wenyewe mara nyingine ulikuwa umeshachaguliwa. Babako alikwenda na baiskeli mikono mitupu na dunia haikuanguka.

Lakini nawe usinichukulie kwa hili ruhusa ya kupotea. Jumapili iliyopita nimekupigia saa nane, saa kumi, na saa mbili usiku, na simu inaita tu. Faragha yenye mlango ni ile ambayo mwenye nyumba ameaga. Ukitoka niandikie neno moja, "Natoka." Ukirudi, "Nimerudi." Sitauliza zaidi ya hapo, naapa, ingawa goti hili litaniuma nisiulize. Na hao Wakenya wenzako wanaokualika Jumapili, usiwakatalie zote. Kwenye harusi nenda, kwenye msiba nenda bila kualikwa, hizo nyingine waambie ukweli kwamba una safari. Hawatakuelewa, na si lazima.

Na ununue taa ya nyuma. Umesema askari wa huko humpiga mtu faini kwa kutokuwa na taa. Mimi nawaunga mkono.

Kuhusu ile Black Mamba: ipo, chini ya ngazi, palepale. Ndugu yako alitaka kuiuza kwa mwenye vyuma chakavu nikamtazama tu, akaacha. Mwezi uliopita nilimwita fundi, akatia mpira mpya gurudumu la nyuma na viraka viwili mbele, akaipaka mnyororo mafuta, akasema chuma cha zamani hiki hakifi. Paipu yake iko vilevile, na mimi na goti hili hatuiwezi. Nimemwambia kijana wa nyumba ya pili aisukume, mimi nitembee ubavuni nimeshika kiti, tufike Mama Ngina hivyo hivyo Jumapili moja kusi ikitulia. Atanicheka, namjua. Lakini nimeshamwahidi muhogo.

Kilichoharibika kabisa ni kengele, imeliwa na kutu. Ukija Desemba niletee moja ya huko. Isiwe ya makelele.

Mamako

Ile kachri nimempa mtu anayesafiri Ijumaa. Amesema atafungua mfuko njiani kwa sababu ya harufu, kwa hivyo zihesabu.