Umbali Unaopimwa kwa Lita

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34, na huu ni mwezi wa nane tangu tuhamie bara jingine kwa ajili ya kazi yangu. Yako mawili yanayoninyima raha. La kwanza, ni kama bado sijafika. Nikiamka usiku mkono unatafuta swichi kushoto, ilipokuwa katika chumba chetu cha zamani, na kwa muda sijui niko wapi. Moyo unanienda mbio. La pili, nilihama nikijipa moyo kwamba nyumbani ni mwendo wa saa 11 tu kwa ndege. Sasa kila nikisoma habari za mafuta najiuliza itakuwaje siku safari hiyo itakapokuwa ya matajiri peke yao, na mama yangu nimemwacha upande ule. Mke wangu anasema nawaza mno. Je, nirudi kabla mlango haujafungwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefundisha fizikia miaka 29 na nimehama mara nne, kwa hiyo barua yako imenigusa pande zote mbili.

Tuanze na swichi. Nilipohama mara ya pili, mkono wangu ulipapasa ukuta mtupu kwa miezi saba. Halafu usiku mmoja ukaenda wenyewe hadi kwenye swichi mpya, bila mimi kuutuma. Ungedhani nilifurahi. Nilikaa kitandani taa inawaka, huzuni imenijaa, kwa sababu nilitambua kwamba nyumba ile ya zamani ndiyo imenitoka mkononi. Nakueleza haya ili usiwe na haraka sana ya kufika. Mkono huo unaopapasa kushoto bado umebeba chumba kizima.

Wala si wazimu. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake walieleza seli za ubongo wa panya ambazo huchangamka pale tu mnyama anapokuwa mahali fulani. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba usiku wa kwanza ugenini, nusu ya kushoto ya ubongo hulala kwa tahadhari, kama mlinzi. Wewe usiku wa kwanza umeupita zamani, lakini unaona jinsi mahali palivyoshikana na fahamu zetu. Ikiwa moyo unakwenda mbio hata mchana, au usingizi umekukimbia kabisa, mwone daktari. Vinginevyo acha mkono ujifunze kwa wakati wake.

Sasa mafuta, na hapa sikubaliani na mkeo kwamba unawaza mno. Mafuta ya ndege ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Kwa mwendo wa saa 11, kiti kimoja hutumia takriban lita 250 hadi 300. Ubongo wako, pamoja na hofu zake zote na kumbukumbu zake na mama yako aliyemo, unaendeshwa kwa wati 20 hivi. Nilipiga hesabu barua yako ikiwa mezani: nishati iliyomo katika mafuta ya kiti chako, kwenda bila kurudi, ingeendesha fahamu yako kwa karibu miaka 15. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili. Hayo ndiyo yaliyojificha ndani ya neno lako "tu", uliposema saa 11 tu.

Na mbadala wake hauko karibu. Kwa taa za nyumbani na magari, jua na betri vimepiga hatua kubwa, nami nafurahi. Angani ni kugumu zaidi: kilo moja ya mafuta hayo ina uniti 12 hivi za nishati, ilhali kilo ya betri nzuri ya lithiamu ina kama robo uniti. Ndege ya Solar Impulse 2 ilizunguka dunia kwa jua peke yake, kuanzia Machi 2015 hadi Julai 2016. Ilikuwa na mabawa ya mita 72, na ilibeba mtu mmoja.

Lakini usikubali mtu akuuzie tarehe ya mlango kufungwa. Mwaka 1956 mwanajiolojia M. King Hubbert alitabiri kwamba uzalishaji wa mafuta Marekani ungefika kileleni karibu na 1970. Ukafika kweli 1970, ukashuka kwa miaka mingi. Kisha wakajifunza kuyakamua kwenye miamba migumu, na mwaka 2018 kilele kile kikapitwa.

Na mlango uliofungwa kweli maishani mwangu haukufungwa na uhaba. Aprili 2020 mafuta yalikuwa bwerere, hata tarehe 20 bei katika soko la mikataba la Marekani ikashuka chini ya sifuri: wenye mafuta walilipa ili wayaondolewe. Ndege nazo zilikuwa zimeegeshwa kwa sababu ya korona. Mwezi huo mdogo wangu alifariki. Nilimzika kwa simu, nimeishika kwa mikono miwili ili picha isitikisike.

Kwa hiyo usirudi kwa kuyaogopa mafuta. Ila ile ahadi uliyohama nayo haikutoshi tena. Kaa na mkeo mjiulize: kama tungeweza kwenda mara moja tu kila miaka minne, tungebaki huku? Baada ya msiba ule mimi nilijibu hapana, na uhamaji wangu wa nne ulikuwa wa kwenda mahali ninapoweza kuwafikia ndugu zangu kwa basi, hata kama ni siku mbili njiani. Mshahara ulipungua sana, na sijajuta. Ninao rafiki waliojibu ndiyo, na hao pia wanalala vizuri.

Umeniuliza mimi kama urudi. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwuliza mama yako, sijapaona.