"Bei Inboksi" Kwa Wakusanyaji wa Sarafu: Tunajibu Barua Zenu

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: bei ioneshwe au ifichwe?

Mhariri, niliweka tangazo la sarafu yangu ya enzi za Mjerumani kwenye kundi letu la WhatsApp la wakusanyaji: "Heller 20 ya Tabora, nzuri, bei inboksi." Admini kalifuta hapohapo. Mali ni yangu, kosa langu liko wapi?
*Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya*

Mali ni yako, lakini kundi ni la wote. Muuza viatu akiandika "bei inboksi" watu wanavumilia. Kwa wakusanyaji neno hilo linatia shaka, kwa sababu kila anayeuliza anahisi anapimwa mfuko kwanza. Mwenye picha ya gari kwenye wasifu wake anatajiwa laki, mwanafunzi anatajiwa elfu arobaini, na siku wakilinganisha jumbe zao ni wewe utakayejieleza.

Na hilo "nzuri" halimwambii mnunuzi kitu. Heller 20 zilizogongwa Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, haziko za aina moja. Zipo za shaba nyekundu na za shaba njano. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Geuza upande wa pili, shika kioo cha kukuzia, utazame herufi L mbili za neno HELLER: kwenye baadhi ya sarafu ncha zake zimechongoka, kwenye nyingine zimejikunja zote, na zipo ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Bei ya moja si bei ya mwenzake, kwa hiyo hata ungetaja bei bila kutaja aina, ungekuwa hujasema kitu.

Tangazo lililokaa sawa lingesomeka hivi (kiasi ni cha mfano tu): *"Heller 20, Tabora 1916, shaba njano, taji dogo, L zote zimejikunja. Imelika kiasi, ina mkwaruzo juu ya taji. Haijasuguliwa. 60,000 pamoja na ya kutolea. Nauli ya basi kwa mnunuzi. Maelewano kidogo yapo."* Kama hupunguzi, andika "bei haipungui" na uishie hapo. Ukiandika hivyo halafu ukampunguzia mmoja pembeni, hutaaminika tena.

Picha ziwe mbili, mbele na nyuma, karibu na dirisha, bila flashi. Flashi inameza mikwaruzo, na mnunuzi akiiona sarafu mkononi atasema umemficha. Wala usiisugue kwa ndimu na jivu ili ing'ae kwenye picha! Shaba iliyosuguliwa hivyo inatoka na wekundu wa kupauka usio wake, mzoefu anaujua mara moja, na thamani inashuka papo hapo.

Bei ya mwisho inaruhusiwa kutojulikana kwenye mnada tu. Hapo taja bei ya kuanzia, kiwango cha chini cha kupandisha, na saa ya kufunga. Ugomvi huzaliwa kwenye saa ya kufunga: mtu anasubiri sekunde za mwisho ndipo atupe dau. Sema tangu mwanzo kwamba dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, muda unasogea dakika tano nyingine.

Nilimuuzia mwenzangu sarafu kwa 40,000. Wiki haijaisha kaiweka kwa 90,000, tena kwa picha zangu zilezile. Nimwanike kundini?
*Msomaji, Mafinga*

Usimwanike. Ukishapokea pesa, bei inayofuata ni yake, hata kama inauma. Kuandika chini ya tangazo lake "mimi nilimpa kwa 40,000" ni kumharibia biashara, na wengine watajiuliza kama nao utawatangaza siku wakinunua kwako. Picha ni suala jingine. Hizo bado ni zako, na zinaonesha sarafu ilivyokuwa kwako, si ilivyo kwake leo. Mwandikie inboksi apige zake.

Kama ulimpunguzia kwa sababu ya udugu, ulipaswa kusema kabla ya kupokea pesa: "Siku ukitaka kuiachia, nianze mimi, kwa bei hiihii." Ukisema baada ya hapo, umechelewa.

Sarafu ikiuzwa, andika IMEUZWA juu ya tangazo na uiache bei uliyotangaza. Wanaofuta bei wanawanyima wenzao kipimo cha kesho. Kama mlishuka kwa maelewano, kiasi halisi kibaki kati yenu mpaka mnunuzi akubali kitajwe, na jina lake usiliweke.

Ni utovu wa adabu kumwambia muuzaji kuwa bei yake ni ghali, nikimwekea na bei ya eBay (soko la mtandaoni la ng'ambo) kama ushahidi?
*Msomaji, Iringa mjini*

Neno "ghali" peke yake halimsaidii mtu. Kama hununui, pita. Ukiwa na hoja, mpelekee inboksi, na iwe ya bei ambazo sarafu ziliuzwa kweli, si bei wanazoomba wauzaji. Mtu wa ng'ambo anaweza kuomba chochote anachotaka, na tangazo likakaa miaka bila mteja.

Mfano mzuri ni senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, basi watu huona jina lake wakadhani wameokota hazina. Sarafu hiyo ina tundu katikati na haikuwa na sura ya mfalme, jina tu, na iligongwa kwa wingi. Ni rahisi kuipata. Anayeitangaza kwa mamilioni mwelimishe taratibu, pengine hajui tu.

Kuna mtu anatangaza zana za mawe za kale za Isimila, hapa karibu na Iringa, bei kaandika wazi kabisa. Hapo adabu imetimia?
*Msomaji, Kalenga*

Hapana. Zana za mawe za Isimila zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na haziokotwi zikauzwa kama nyanya. Mjulishe admini alitoe tangazo.

Nikituma sarafu kwa basi kutoka Mbeya hadi Iringa, nifungeje?
*Msomaji, Uyole*

Ibane kati ya vipande viwili vya kadibodi, zungushia utepe wa karatasi wenye gundi mpaka ukitikisa isisikike. Mifuko laini ya plastiki ya PVC usitumie. Kwa unyevu wa huku inaacha utando wa kijani kwenye shaba. Juu ya bahasha usiandike "sarafu". Mtumie mnunuzi picha ya risiti ya mzigo kabla basi halijatoka stendi ya Nane Nane.